Kalamu ya Rangi Kando ya Kitanda: Uanzie Wapi na Mgonjwa wa Saratani

Swali linakuja kwa sura nyingi lakini ni lilelile. Binti anamuuguza mama yake aliyekatwa titi; amesikia kwamba kuchora kunawasaidia wagonjwa wa saratani na anauliza aanzeje. Kijana anayetibiwa limfoma anajaza daftari michoro usiku kucha na anataka kujua kama anachanganyikiwa. Muuguzi ana boksi la rangi lililoletwa wodini na wafadhili, halijafunguliwa, kwa sababu hakuna aliyemwelekeza la kufanya nalo. Nawajibu wote hapa kwa pamoja.

Jibu langu ni hili: anza na ulicho nacho, usimsubiri mtaalamu, ila usijifanye mtaalamu. Mengi yanayoharibika huharibika hapo mwishoni.

Kinachosaidiwa

Kuchora hakuponyi saratani. Mtu akikuambia rangi fulani inayeyusha uvimbe, au anauza picha ya kutundika ukutani ili ugonjwa uondoke, shika mkoba wako uondoke. Mgonjwa aendelee na mionzi, dripu za kemo, upasuaji na dawa za maumivu kama alivyopangiwa. Hakuna daftari la michoro linaloweza kuziba pengo la kliniki moja iliyorukwa.

Kinachopungua ni mzigo wa moyoni: hofu ya kusubiri majibu ya kipimo, hasira isiyo na wa kumwangukia, upweke wa saa nane za usiku, aibu ya mwili uliobadilika. Mwaka 2006 watafiti wa hospitali ya Northwestern Memorial, Chicago, walichapisha matokeo ya wagonjwa 50 wa saratani waliokaa na mtaalamu wa tiba ya sanaa kwa muda wa saa moja. Kati ya dalili 9 walizoulizwa kabla na baada, 8 zilipungua, yakiwemo maumivu, uchovu na wasiwasi. Kichefuchefu ndicho hakikupungua. Utafiti ulikuwa mdogo na haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo usiubebe kama ahadi. Unatosha kukuonyesha kwamba saa moja na rangi si saa iliyopotea.

Elewa pia tofauti hii. Tiba ya sanaa kamili hufanywa na mtu aliyesomea, anayejua la kufanya mgonjwa anapofumua jambo zito. Wataalamu hao Afrika Mashariki ni wachache. Utakachofanya wewe nyumbani au wodini ni kumpa mgonjwa nafasi, vifaa na mwenzake wa kukaa naye. Ni kazi ya maana, lakini ina mipaka, nami nitaionyesha.

Uliza hospitali kwanza

Iwe mnatibiwa Ocean Road, Bugando, Kenyatta au Mulago, muulize muuguzi au daktari mambo haya manne kabla hujanunua chochote:

- Je, seli nyeupe za damu zimeshuka? Zikiwa chini, mwili haujilindi vizuri. Vifaa viwe vyake peke yake, vipya au vilivyofutwa kwa spiriti, na anawe mikono kabla na baada.
- Je, chembe zinazogandisha damu ziko chini? Zikiwa chini, weka mbali mkasi wenye ncha, sindano, wembe na patasi. Karatasi inaweza kuchanwa kwa vidole, na mara nyingi hutoka nzuri zaidi.
- Mkono upi usitumike? Mwenye dripu atumie mkono mwingine. Aliyeondolewa tezi za kwapani asichomwe wala kukatwa upande huo, kwa kuwa jeraha dogo linaweza kuleta maambukizi na mkono ukavimba.
- Kifua kinastahimili vumbi na harufu? Wengi wanaopata kemo hutapika kwa harufu ambayo wewe huisikii kabisa.

Vifaa: vya kuchukua na vya kuacha

Daftari la shule lisilo na mistari, kalamu za nta zile nene, penseli laini, magazeti ya zamani, gundi ya maji na vipande vya kanga au kitenge vilivyofuliwa vinatosha kwa miezi. Ukiwa na rangi za maji, vizuri. Hazina harufu kali na zinafutika kwenye shuka.

Hivi viache:

- Rangi za mafuta na tapentaini. Najua wengi wetu tukisikia uchoraji tunaona Tingatinga, sanaa aliyoianzisha Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968, na rangi zake zinazong'aa. Mtindo huo mgonjwa anaweza kuuiga: chui mwenye madoa, ndege mwenye shingo ndefu, nafasi yote ya karatasi imejaa. Atumie rangi za maji tu. Harufu ya rangi ya mafuta ndani ya chumba kimoja na mgonjwa wa kemo itaharibu siku nzima.
- Udongo wa mfinyanzi. Una vijidudu na kuvu ambavyo mwili uliodhoofika haupaswi kukutana navyo. Badala yake kanda vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi na maji yasiyozidi kikombe kimoja. Finyangeni, kisha donge lililobaki litupwe siku hiyohiyo. Mwenye mikono iliyopasuka asiushike, chumvi itamchoma.
- Vumbi la mpingo, majani makavu yaliyoota ukungu, maua ndani ya maji yaliyolala. Sababu ni zilezile.
- Piko. Ina kemikali zinazoweza kuchoma ngozi, na ngozi ya mtu aliye kwenye matibabu ni dhaifu zaidi. Hina halisi ya majani huwafurahisha sana akina mama wa pwani, hasa nywele zinapokuwa zimekwisha na mwanamke anataka kujiona amependeza. Uliza daktari kwanza, usipake sehemu inayopigwa mionzi wala karibu na alama za wino walizochora wataalamu wa mionzi, na acha kucha chache bila rangi ili muuguzi aone rangi ya damu na kifaa cha oksijeni kisome sawasawa.

Kemo kadhaa, zikiwemo paclitaxel na vincristine, huleta ganzi vidoleni. Kalamu inadondoka, mgonjwa anaona haya. Ifunge kalamu kwa kitambaa safi mpaka inenepe kama kidole gumba, au mpe sifongo achovye rangi na kugonga kwenye karatasi. Na mwambie mapema asilambe ncha ya brashi; midomo yenye vidonda inaumia na rangi si chakula.

Nusu saa ya kwanza

Chagua saa ambayo ana nguvu. Kwa wengi si siku ya dripu wala siku mbili tatu zinazofuata. Kisha:

1. Omba ruhusa, tena kwa heshima anayoistahili. "Shikamoo mama. Nimekuja na karatasi na rangi. Ukipenda tuchezee kidogo, usipopenda tukae tu." Usimshtukize kwa kumpachika kalamu mkononi.
2. Mwinue, mwegemeze kwenye mito miwili, weka ubao au sinia lililogeuzwa mapajani.
3. Mpe rangi tatu. Boksi lenye rangi 24 linamchosha kabla hajaanza.
4. Chukua karatasi yako na wewe uchore. Ukikaa unamtazama, umegeuka msimamizi wa mtihani.
5. Anza na mistari tu: mstari wa polepole, mstari wa haraka, mstari wa jana usiku ulivyokuwa.
6. Nyamaza. Redio izimwe au iwe chini. Simu iwe mfukoni.
7. Dakika 20 zikifika, muulize kama ametosheka. Uchovu wa saratani hauondoki kwa usingizi, na anayeupata hujikaza ili asikuvunje moyo. Simamisha kabla hajakwisha kabisa.

Kama hajui achore nini

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

*Chora kanga yako.* Mpe karatasi, apige pindo pembeni, ajaze mji katikati, na aache nafasi ya jina. Kisha aandike jina analotaka yeye. Wanawake wetu wamezoea kusema kwa kanga yale ambayo hayasemeki sebuleni, na mgonjwa ana mengi ya namna hiyo: kwa mume aliyeacha kuja, kwa wifi anayenong'ona kwamba amerogwa, kwa Mungu, kwa titi lenyewe. Hakuna anayelazimika kulieleza. Nimeona zoezi hili likiwafungua watu waliokataa mazoezi mengine yote, nadhani kwa sababu hawahisi kwamba wanafanya kitu cha kigeni.

*Miraba ya mionzi.* Mionzi kwa kawaida hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa, na aliyetoka Kigoma au Mtwara kuja Dar es Salaam anazihesabu siku hizo kwa uchungu. Muulize daktari amepangiwa mara ngapi, tuseme 25. Chora miraba 25 kwenye ukurasa mmoja. Kila akitoka kwenye mashine ajaze mraba mmoja apendavyo: rangi, nukta, ua, mkwaruzo wa hasira. Angalizo muhimu: usiandike tarehe ndani ya miraba. Mashine huharibika, damu hushuka, siku husogezwa, na mraba wenye tarehe iliyopita utamsuta bure.

*Ramani ya njia.* Hili huwafaa wazee na wanaume ambao hawataki kusikia habari za maua. Mwombe akuchoree njia kutoka kwake mpaka hospitali: mto, kituo cha basi, shamba, mwembe wa mnadani. Atakuonyesha alipozaliwa na alipouza ng'ombe wa nauli. Sikiliza.

*Kukata na kubandika.* Kwa asiyeweza kukaa. Henri Matisse, mchoraji wa Ufaransa, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mwaka 1941 na baada yake akawa mtu wa kitanda na kiti cha magurudumu. Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi, yeye akakata maumbo kwa mkasi na kuelekeza yabandikwe wapi. Kitabu chake *Jazz*, cha mwaka 1947, kilitoka katika kazi hiyo, naye aliendelea hadi alipofariki mwaka 1954. Ninachotaka ukichukue hapo ni mgawanyo wa kazi: mgonjwa anaamua, wewe unakuwa mikono yake. Akisema "hapo, juu kidogo", weka juu kidogo. Usiboreshe.

*Mchoro wa mwili.* Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI huko Khayelitsha, Afrika Kusini, walichora miili yao kwa ukubwa wake kamili na kuweka ndani yake historia ya ugonjwa na nguvu zao. Kwa mgonjwa aliyechoka, umbo dogo la mtu kwenye karatasi moja linatosha. Aweke rangi panapouma, rangi nyingine pasipouma, na rangi ya tatu pale anapojisikia na nguvu. Kuna faida ya haraka: yule anayesema "mwili wote unauma" ataonyesha mahali penyewe, na karatasi hiyo ukiipeleka kliniki kwa ruhusa yake daktari atapata pa kuanzia. Lakini usianze na zoezi hili kwa mtu aliyekatwa titi au kiungo karibuni, au aliyewekewa mfuko wa haja tumboni. Ni zito. Lisubiri, au lifanyike akiwepo mnasihi.

*Kitabu cha kumbukumbu.* Katika miaka ya 1990 akina mama wa Uganda waliokuwa na virusi vya UKIMWI walianza kuwaandalia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ukoo, picha, hadithi za kuzaliwa kwao. Mgonjwa wa saratani anaweza kufanya hivyo hata akitarajia kupona. Wewe usikipendekeze ghafla, atadhani umeambiwa siri na daktari. Ngoja aulize mwenyewe, "Watoto watanikumbukaje?"

Maneno ya kuacha, maneno ya kusema

Kosa kubwa kuliko yote ni kufasiri. Mgonjwa amepaka nyeusi ukurasa mzima, jamaa wanaangaliana: amekata tamaa, anaona kaburi. Huenda nyeusi ndiyo iliyokuwa karibu na mkono wake. Huenda alikuwa anachora usiku wa kijijini kwao. Hujui, na hata aliyesomea miaka hathubutu kusema bila kumuuliza mwenyewe.

Acha haya:

- "Kwa nini hujachora kitu cha furaha?"
- "Hii inaonyesha bado una uchungu na baba."
- "Hapa ungeweka kijani."
- "Mzuri sana!" Hili linaonekana la upole, lakini kesho atachora ili umsifu, na siku mkono ukitetemeka atakataa kuchora.

Sema haya:

- "Niambie kidogo kuhusu hii, kama unapenda."
- "Naona umekaa muda mrefu kwenye hii kona."
- "Tuiweke wapi?"

Akilia, usimkimbilize kunyamaza. "Usilie, jikaze" tunalisema kwa kujitetea sisi wenyewe. Mpe leso, kaa naye, muulize kama anataka kuendelea au kupumzika.

Najua mtasema

*"Hajawahi kuchora maishani."* Haidhuru. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapima watu wazima 39 wenye afya kabla na baada ya dakika 45 za kufanya sanaa. Kwa takriban robo tatu yao kiwango cha kortisoli, homoni ya msongo, kilishuka, na waliokuwa na uzoefu hawakuwashinda wasio nao.

*"Dini yetu haitaki picha za viumbe."* Basi msichore viumbe. Sanaa ya mwambao imejaa nakshi za milango, mistari ya ukili, vito vya kofia na hati za Kiarabu. Kwa aliye na vidole vizima na damu isiyo na tatizo, kushona kofia ni kazi nzuri ya kutuliza akili. Avae subana kidoleni. Kwa mwenye ganzi, achore vito hivyo kwa kalamu.

*"Hela ya dawa haitoshi, tununue rangi?"* Msinunue. Mkaa uliooshwa, bahasha za dawa zilizotumika, kalenda ya mwaka jana iliyogeuzwa upande mweupe. Kama ni kuchagua kati ya rangi na nauli ya kliniki, nauli kwanza, bila mjadala.

*"Anachora usiku kucha."* Ndugu yangu wa limfoma, hujachanganyikiwa. Dawa kama dexamethasone, zinazotolewa pamoja na kemo nyingi, hukimbiza usingizi. Mwambie daktari, pengine ataisogeza dozi iwe asubuhi. Mpaka hapo, daftari ni rafiki mzuri kuliko simu.

*"Matibabu yamekwisha, sasa kwa nini aendelee?"* Kwa sababu wengi huangukiwa na huzuni hasa pale kengele za hospitali zinapotulia na wageni kuacha kuja. Aendelee mpaka aache mwenyewe.

Picha ni mali ya nani

Ni ya aliyeichora. Usiipige picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, hata kama nia ni kuchangisha fedha. Usiitundike wodini bila kuuliza. Jirani wa kitanda atauliza maswali. Mfadhili akija na kamera, mgonjwa ana haki ya kukataa na bado akapewa rangi. Akitaka kuichana au kuichoma, achane, achome. Weka bahasha moja kubwa yenye jina lake, ikae mahali anapojua yeye. Na mgonjwa akifariki, bahasha isifunguliwe hadharani matangani. Apewe yule aliyemtaja, au mtu wa karibu kabisa, aamue kwa utulivu.

Kwa watoto

Mtoto mgonjwa achore na mtoto mwenzake ikiwa damu yake inaruhusu. Anapojitenga, anaogopa zaidi. Mwache achore sindano, daktari mkali, kichwa kisicho na nywele. Usimwambie achore nyumba na jua. Akijichora mdogo sana pembeni, usipige kelele, muulize tu nani mwingine yuko kwenye picha. Wala usiwasahau ndugu zake waliobaki nyumbani na bibi. Wao huamini mara nyingi kwamba wao ndio waliosababisha ugonjwa. Watumiane michoro kwa kila anayesafiri.

Mwite mtaalamu ukiona haya

- Anasema au anaandika kwamba ni bora afe, au anaaga watu kimyakimya.
- Anarudia kuchora tukio moja la kutisha, na kila akimaliza anatetemeka au hawezi kulala.
- Ameacha kula, kuongea na kutumia dawa kwa siku kadhaa.
- Amefichua kupigwa au kudhulumiwa na mtu wa nyumbani.
- Maumivu yanamzuia hata kushika kalamu. Hilo ni tatizo la dawa za maumivu, nazo zinaweza kurekebishwa.

Mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali, mnasihi, au timu ya tiba shufaa siku hiyohiyo. Kwa hilo la kwanza usimwache peke yake hata kidogo. Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa aliye kwenye kemo ni safari ya hospitali sasa hivi, michoro ibaki kitandani.

Na akikataa

Wapo watakaokataa, na huo ni uamuzi wao kamili, pengine uamuzi pekee walioachiwa wiki hiyo. Usimbembeleze wala usimtumie mchungaji, shehe au dada mkubwa kumshawishi. Acha daftari na kalamu tatu mahali mkono wake unapofika. Usiulize kesho. Uliza wiki ijayo, mara moja, kisha muulize angependa nini badala yake: kusomewa, kuimbiwa, kuchambua mchele pamoja nawe, au kukaa kimya na mtu asiyetaka lolote kutoka kwake.